Bunduki Ilikuwa Nyepesi

Mjomba wangu mkubwa aliwahi kukataa kubeba bunduki kwa sababu ilikuwa nyepesi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye kitalu kimoja cha uwindaji wa kitalii huku kwetu, wakati huo bado tukiitwa Mkoa wa Rukwa. Mjomba alikuwa kibarua wa kambi. Asubuhi anasoma nyayo, mchana anabeba vitu vya mgeni, jioni anachuna ngozi. Mgeni wa safari ile alikuwa Mzungu mpole, na bunduki yake aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Alimpa mjomba aibebe, na kupitia kwa mkalimani akaeleza kwamba ameing'oa kifyatuo cha kiwandani na kuweka kingine cha kununua, kizuri zaidi. Sasa ni nyepesi sana, akasema.

Mjomba akaipima mikononi. Akaona ni uzito ule ule wa bunduki zote alizowahi kubeba. Akauliza, "Nyepesi wapi?" Mgeni akacheka, akanyoosha kidole chake cha shahada na kukikunja kidogo tu.

Mjomba akairudisha kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema yeye leo atabeba maji.

"Maji yalikuwa mazito kuliko ile bunduki," aliniambia mwaka jana, tukiwa tumekaa chini ya mwembe nyumbani Kasokola. "Dumu la lita ishirini. Lakini maji hayafyatuki."

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi na nimesikia sentensi nyingi. Hiyo ilinirudisha nyumbani, kwenye sentensi nyingine ambayo nilikuwa naielewa vibaya tangu utotoni.

*

Kasokola ni nje kidogo ya Mpanda mjini. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Mpanda, kama analijua, atakumbuka mwisho wa reli. Wachache wanajua reli ile ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa sababu gani. Ilijengwa kwa sababu ya risasi. Siyo za kupiga, bali madini yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa inachimba risasi Mpanda, na mwaka 1950 reli ikaifikia. Baadaye mgodi ukafa, reli ikabaki, na mji ukabaki.

Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha. Madini ni risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi. Muktadha ndio unaamua. Mara nyingi hilo halina madhara. Lakini kuna neno jingine la namna hiyo lililonipotosha kwa miaka mingi, nalo ni "nyepesi".

Mama yangu alikuwa na kaka wawili. Mkubwa ndiye huyu wa dumu la maji. Mdogo simjui, maana alifariki kabla sijazaliwa, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, kwa gobore la babu. Nyumbani habari hiyo haikuzungumzwa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama mara moja tu ilikuwaje, akajibu, "Bunduki ilikuwa nyepesi." Kisha akaendelea kuchambua mchele.

Kwa akili ya mtoto nilielewa hivi: bunduki ilikuwa haina uzito, kama ya kuchezea, ndiyo maana mjomba mdogo akaibeba bila kuiogopa. Nimeishi na tafsiri hiyo hadi nimemaliza chuo kikuu.

*

Ngoja nieleze mambo ya ufundi kidogo, maana bila hayo historia yenyewe haitaeleweka.

Bunduki ya kuwindia ina uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa begani. Bunduki ya kawaida ya siku hizi, bila darubini, ina kama kilo tatu hadi nne. Wa pili ni ule wa kidoleni, yaani nguvu inayohitajika kuvuta kifyatuo hadi mlio utoke. Huo nao hupimwa kwa kilo au ratili. Bunduki za kijeshi za zamani zilitaka kilo mbili au zaidi. Mwindaji anayebadilisha kifyatuo mara nyingi anatafuta kitu cha karibu kilo moja na nusu, na wapo wanaoshuka chini ya hapo.

Sasa mtu akiuliza kifyatuo kipya kinabadilisha vipi uzito wa bunduki, jibu la mizani ni fupi: karibu hakuna. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinakaa kiganjani, na tofauti kati ya cha zamani na kipya ni ya gramu tu. Ukijaza risasi tano umeongeza zaidi ya hapo. Mwindaji anayetaka kweli kupunguza kilo atabadilisha tako la mbao kwa la plastiki, au mtutu, au ataacha darubini nyumbani.

Na hata akipunguza, kuna deni. Bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi inapopigwa. Kilo ulizokwepa njiani bega linazilipa siku ya kufyatua.

Kwa nini basi watu wahangaike na kifyatuo? Kwa sababu ya shabaha. Ukivuta kifyatuo kigumu cha kilo mbili na nusu kwenye bunduki ya kilo tatu na nusu, kidole chako kinakaribia kushindana na bunduki nzima. Mtutu unatikisika, na shabaha inahama. Kifyatuo chepesi na laini kinamfanya mtu mwenye mkono wa kawaida apige kama fundi. Kwa hiyo mgeni wa mjomba hakuwa mjinga. Bunduki yake ilikuwa bora, kwa yule anayelenga. Kwa yule anayeibeba porini, akiruka magogo na kupenya miiba, hesabu ni nyingine.

*

Historia ya bunduki upande huu wa nchi imeandikwa zaidi kwa uzito wa kwanza, ule wa begani. Na mabega yenyewe mara nyingi hayakuwa ya mwenye bunduki.

Hata majina ya bunduki za zamani yalikuwa ya mizani. Henry Morton Stanley, alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua bunduki za kila namna, pamoja na moja ya tembo iliyokuwa ikipiga risasi nane kwa ratili. Maana yake ni kwamba ukichukua ratili moja ya risasi, madini yale yale ya Mpanda, ukaigawa mafungu nane, kila fungu ndilo tonge moja la bunduki hiyo, kama gramu 57 hivi. Zilikuwepo za nne kwa ratili, gramu 113 kwa kila tonge. Samuel Baker, aliyefika Bunyoro mwaka 1864, alikuwa na bunduki ya kilo tisa hivi aliyoiita "Mtoto". Kila alipoipiga ilimzungusha.

Njia ya Stanley ilipita kwetu. Vita vya Mirambo vilikuwa vimefunga barabara ya kawaida ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, ikabidi azunguke kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi. Wakati wa kurudi, Januari 1872, alikuwa na Livingstone mwenyewe, na njaa ilikuwa imewabana. Stanley alipiga twiga na risasi zake hazikuwafanya kitu. Livingstone akamwambia risasi ni laini mno, ayeyushe vyombo vyake vya zinki achanganye. Akafanya hivyo, twiga akaanguka, msafara ukala. Huenda ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya mtu kuboresha bunduki yake katika nchi hii, na ilifanyika kwa moto wa kuni na kopo la maji.

Nani alibeba bunduki hizo? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kurudi kutoka India akiwa mtu huru, alianza kazi ya misafara kwa kumbebea bunduki John Hanning Speke, mwaka 1857. Alitembea naye hadi Ujiji, kisha hadi Ziwa Viktoria, na safari ya pili hadi Uganda. Speke ndiye aliyepiga, na kwenye picha ndiye aliyeishika. Kilo zilikuwa za Bombay.

Wapo wawindaji walioiona hesabu hiyo. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu kubwa la kusini na ambaye aliuawa vitani Behobeho tarehe 4 Januari 1917, alianza ujana wake na bunduki za nne kwa ratili zilizokuwa nyepesi mno kwa baruti zilizobeba, kilo tano na ushee tu. Baadaye aliandika kwamba anajuta kuzitumia. Teke lake lilimharibu mishipa, na woga wa teke hilo ukabaki mkononi mwake. Akina Karamojo Bell wakaja na njia tofauti. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa bunduki ndogo ya Rigby yenye mtambo wa Mauser, ambayo risasi yake ni kama gramu 11, sehemu moja ya kumi ya lile tonge la zamani. Aligundua kwamba tembo hafi kwa uzito wa risasi, anakufa kwa mahali inapoingia. Na mahali inapoingia panaamuliwa na kidole.

*

Hapo ndipo uzito wa pili unapoingia. Ukisoma habari za zamani ukiutafuta huo, unaanza kuziona upya.

Oktoba 1871, wakitoka kambi ya mto Gombe kuelekea Ukonongo, watu wa Stanley waligoma. Walitaka kupumzika zaidi, kulikuwa na nyama tele. Asmani, kiongozi wa njia, alimsogelea Stanley akiwa na bunduki, kidole kwenye kifyatuo. Stanley naye alikuwa amemwelekezea yake. Mwenzao mmoja akaingilia kati na mambo yakaishia kwenye kuombana radhi. Tumezoea kuisoma habari hiyo kama habari ya ujasiri wa Stanley. Mimi siku hizi naisoma kama habari ya mtambo mgumu. Katika orodha ya silaha alizonunua Zanzibar kulikuwa na bunduki 24 za gumegume kwa ajili ya watu wake. Gumegume halifyatuki kwa mguso. Linampa mtu muda wa kufikiri, muda mfupi, lakini unatosha.

Speke hakupewa muda huo. Alivuka nchi hii mara mbili, homa na vita na mito, na bunduki mgongoni mwa Bombay. Tarehe 15 Septemba 1864, kwao Uingereza, akiwinda kware katika mashamba ya ndugu zake karibu na Corsham, alipanda ukuta mfupi wa mawe akiwa na bunduki yake mwenyewe mkononi. Bunduki ile haikuwa na kizuizi cha usalama. Ikajifyatua, ikampiga kifuani. Siku iliyofuata alikuwa ahojiane na Burton mbele ya wasomi huko Bath kuhusu chanzo cha Mto Nile. Watu wamebishana tangu hapo kama alijiua. Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Mimi niliposoma habari za ule ukuta nilifunga kitabu nikatoka nje, kwa sababu nitakazozieleza.

Kisha ukaja mkutano wa Brussels. Mkataba uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 unakumbukwa kama mkataba wa kupiga vita biashara ya utumwa, na ndivyo ulivyokuwa. Lakini ndani yake kulikuwa na vifungu vya silaha. Katika ukanda wote kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, bahari hadi bahari, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kisasa za kujaza kwa nyuma, pamoja na risasi zake. Wasafiri na watu wenye dhamana wangeweza kupata kibali. Kwa wengine waliobaki ziliruhusiwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida.

Tafakari hilo kidogo, msomaji. Mataifa yaliyokuwa yakigawana Afrika yalikaa mezani yakachora mpaka, na mpaka huo ukapita katikati ya mtambo wa bunduki. Upande mmoja jiwe la gumegume, upande mwingine risasi ya shaba. Baba ya babu yangu hakusikia kamwe jina la Brussels, ila maisha yake yote aliishi upande wa jiwe. Miaka kumi na tano baadaye, kwenye Maji Maji, tofauti hiyo ilihesabiwa kwa maiti.

Wenye kuchora mpaka nao walikuwa na ngazi zao. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, wengi wao, waliingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914 na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za risasi moja moja na moshi unaomwonyesha adui ulipo, wakati Ujerumani yenyewe ilikuwa imeziacha zamani. Ukiona bunduki iko mkononi mwa nani, utajua ni ya mwaka gani.

*

Mkataba ulisema gumegume, lakini mafundi wa vijijini hawakuusoma. Watu wa huku walikuwa wahunzi kabla ya bunduki kuja. Wafipa, jirani zetu wa kusini, walifua chuma katika tanuru refu kuliko mtu. Mhunzi anayejua kutengeneza jembe na mkuki hashindwi kuelewa mtambo wa gobore. Jiwe likatolewa, ikawekwa fataki. Mtutu ukapasuka, ukapatikana mwingine. Tako likaoza, likachongwa la mninga. Gobore moja lingeweza kuishi miaka mia likiwa limebadilishwa kila kiungo. Kama kuna nchi ambako watu wamebadilisha viungo vya bunduki tangu zamani, bila duka wala katalogi, ni hii.

Gobore la babu lilikuwa la namna hiyo. Babu alilirithi kwa baba yake. Lilikuwa refu na zito, mama anasema akiwa msichana hakuweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Babu alilitumia kufukuza nguruwe na nyani kwenye mahindi, na mara chache kwa kanga. Mtambo wake ulikuwa mgumu. Ulipokuwa unavuta, mama anasema, uso wa babu ulikunjamana.

Mtambo wa gobore ni kitu rahisi kukielewa. Nyundo inavutwa nyuma na jino dogo linaikamata. Ukivuta kifyatuo, jino linaachia. Jino likikamata sana, kifyatuo kinakuwa kigumu. Jino likikamata kidogo, kifyatuo kinakuwa chepesi, na likikamata kidogo mno, halisubiri tena kidole. Mtikisiko unatosha.

Mwaka ule wa msiba, gobore lilipelekwa kwa fundi kulegezwa. Nyumbani tuliambiwa, kwa yale machache tuliyoambiwa, kwamba babu alikuwa amezeeka, kidole hakina nguvu, ndipo akamtuma mjomba mkubwa alipeleke. Lilirudi likiwa laini. Wiki chache baadaye mjomba mdogo alikuwa akitoka nalo shambani, nyundo imevutwa kwa sababu alikuwa ameona kanga. Njiani kuna korongo lenye gogo la kuvukia. Akapanda gogo, akateleza, tako likagonga mti.

Hakuvuta kitu.

Niliposoma habari za Speke na ukuta wa mawe, niliona gogo.

Na siku mjomba aliponisimulia habari za Mzungu na dumu la maji, ndipo nilipoelewa maneno ya mama. Hakuwa anazungumzia kilo. Bunduki ilikuwa nzito, hakuweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi kidoleni.

*

Nisieleweke kwamba haya ni mambo ya magobore ya vijijini tu, ya watu wasio na viwanda. Huko Marekani, kampuni ya Remington iliuza kwa miongo kadhaa bunduki ya kuwindia, Modeli 700, yenye kifyatuo kilichosifiwa kwa ulaini wake. Wamiliki wengi walilalamika kwamba inafyatuka bila kuvutwa. Kampuni ilikana kuwa na kasoro. Kesi zilichukua miaka, na hatimaye ukafikiwa mwafaka wa mahakamani uliowawezesha mamilioni ya wamiliki kubadilishiwa kifyatuo bila malipo. Kinachotafutwa pale na kilichotafutwa kwa fundi wetu ni kitu kile kile: bunduki isiyombishia mwenye nayo.

Sisemi kila kifyatuo kipya ni hatari. Vilivyotengenezwa vizuri ni salama kuliko vingi vya zamani, vina vizuizi ndani yake, na hupimwa kabla ya kuuzwa. Ninachosema ni kwamba mizani ya dukani inapima upande mmoja tu. Bunduki yoyote ina wanaoilenga na wanaoibeba, na kwa historia ya huku kwetu hao ni watu tofauti. Uzuri wa kifyatuo chepesi anaupata mlengaji. Hatari yake inatembea na mbebaji. Bombay angeelewa jambo hilo bila kueleweshwa.

Nilipomaliza kuandika rasimu ya kwanza nilirudi Kasokola. Nilitaka kumsomea mjomba, maana habari ni yake na si vizuri asome wengine kwanza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukakaa chini ya mwembe. Nikasoma polepole. Alisikiliza Brussels bila kusema kitu. Kwa Bell na tembo wake elfu akaguna. Nilipofika pale kwenye babu kumtuma kwa fundi, akanyoosha mkono.

"Hapo futa," akasema.

"Nifute nini, mjomba?"

"Baba hakunituma."

Nikanyamaza. Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yake, akawa anawaangalia wao.

"Baba alikataa. Nilimwambia gobore ni gumu, tunakosa kanga kila siku. Akasema ugumu ule ndio usalama wake, baba yake naye alimwambia hivyo. Mimi ndiye nililipeleka. Alikuwa amesafiri Tabora. Nilitaka kupiga vizuri." Akatulia. "Aliporudi lilikuwa limeshalegezwa. Alilijaribu, akaniangalia, hakusema neno. Baada ya msiba watu walipouliza, akasema yeye ndiye aliyenituma. Polisi aliwaambia hivyo hivyo. Mpaka anakufa alisema hivyo."

Polisi walikuwa wamelichukua gobore, na halikurudi. Babu naye hakulifuatilia.

Nilimuuliza mjomba kama kweli anataka niandike haya. Akasema yeye ni mzee sasa na kitu hiki amekibeba vya kutosha. Akasema pia niandike kwamba fundi hakuwa na kosa, alifanya alichoambiwa. Nimeandika.

Jioni nilimpigia mama simu. Nikamweleza alichosema kaka yake, neno kwa neno, nikihofia atalia. Kulikuwa na kimya kirefu, hadi nikadhani mtandao umekata.

"Tulijua," akasema. "Mama alijua, na mimi nilijua. Baba hakuwahi kulalamika kidole."

Kisha akaniuliza kama mjomba amekula.